Mvinyo mkongwe wa Madeira: Faida huenda kwa anayeweza kungoja

KATIKA mji wa Funchal, makao makuu ya kisiwa cha Madeira nchini Ureno, mgeni anaweza kuingia kwenye ghala la mvinyo, akaagiza glasi ndogo isiyojazwa hata nusu, na akakuta bei yake inaizidi bei ya chupa nzima ya mvinyo wa kawaida dukani. Kilichomo ndani ya glasi hiyo ni zabibu zilizovunwa pengine kabla mgeni mwenyewe hajazaliwa.

Watalii wengi hunywa, husifu ladha na kuondoka. Lakini kwa mkulima na mfanyabiashara, glasi hiyo ina swali kubwa kuliko ladha. Zabibu zilikuwa zabibu za kawaida, zilizokatwa kwa mkono na kupimwa kwenye mizani kama zao lolote. Kilichoongezeka ni miaka. Je, miaka hiyo imemlipa nani: aliyelima, au aliyeweka?

Jibu lake si gumu, na linamhusu kila anayeuza mazao yake siku ya mavuno kwa sababu hana pa kuyaweka.

Kisiwa cha milima na vishamba

Madeira ni kisiwa cha volkano katika Bahari ya Atlantiki, kilicho karibu zaidi na pwani ya Moroko kuliko Ureno yenyewe. Wareno walianza kukaa humo karibu mwaka 1420. Ardhi yake ni miteremko mikali inayopanda hadi mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sehemu tambarare ni chache mno.

Ili kulima, wakazi walijenga kuta za mawe na kukata milima kuwa ngazi. Kila ngazi ni kishamba, na wenyeji hukiita "poio". Maji huletwa na mifereji iitwayo "levada", inayoyatoa kwenye upande wa mvua na kuyapeleka kwenye upande mkavu. Mchaga anayeijua mifongo ya Kilimanjaro hatashangaa akiiona, na hatashangaa pia akiona migomba imeota jirani na mizabibu.

Mashamba yote ya mizabibu ya mvinyo kisiwani hayafiki hekta 500, na yamegawanyika kati ya wakulima zaidi ya 1,000. Wengi wana vipande vidogo ambavyo trekta haiwezi kupita. Mizabibu hutandazwa juu ya vichanja, na katika baadhi ya mashamba mboga hupandwa chini yake ili ardhi isikae bure. Mavuno huanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea hadi Oktoba. Zabibu hubebwa mabegani au vichwani hadi barabarani, ambako gari huzichukua.

Wakulima hao ni wengi, lakini kampuni zinazotengeneza na kusafirisha mvinyo wa Madeira ni chache, zinahesabika kwa vidole. Hali hiyo si ngeni kwa mkulima wa Afrika Mashariki: wauzaji wengi, wanunuzi wachache, na zao lisilongoja. Zabibu iliyoiva haivumilii kukaa wiki nzima ndani ya kreti.

Joto lililopaswa kuharibu

Mvinyo wa kawaida una maadui wawili wakubwa, joto na hewa. Chupa ikiachwa juani, au ikafunguliwa na kukaa mezani siku kadhaa, mvinyo huchacha na kupoteza ladha. Mvinyo wa Madeira ulizaliwa kutokana na maadui hao hao.

Funchal ilikuwa kituo cha meli zilizokwenda Amerika na India. Meli zilipakia maji, chakula na mapipa ya mvinyo. Zile za India ziliizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na kuingia Bahari ya Hindi, zikivuka ikweta njiani. Kwa miezi mingi mapipa yalipikwa na joto la tropiki huku yakitikiswa na mawimbi. Ili mvinyo usiharibike safarini, watengenezaji walianza kuuongezea pombe kali, na desturi hiyo ilienea katika karne ya 18.

Mapipa mengine hayakuuzwa, yakarudi Funchal. Walipoyafungua, wafanyabiashara walikuta mvinyo ule umekuwa bora kuliko ulivyoondoka. Wateja wakaanza kuutaka kwa jina lake, "vinho da roda", yaani mvinyo uliokwenda na kurudi. Ikafika mahali mapipa yakapakiwa melini makusudi, ili yasafiri tu na kurejea.

Lakini nauli ya meli ni gharama. Swali la kibiashara likawa: joto hilo laweza kupatikana bila safari? Majibu mawili yalipatikana, na yote mawili yanatumika hadi leo.

La kwanza ni la haraka. Mvinyo huwekwa ndani ya tangi na kupashwa moto wa nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi kwa muda usiopungua miezi 3. Njia hii huitwa "estufagem", na ndiyo hutoa mvinyo wa bei nafuu, ule wa miaka 3 unaotumika hata jikoni kutengeneza mchuzi wa nyama.

La pili ni la polepole. Mapipa ya mbao hupangwa kwenye dari na ghorofa za juu za ghala, ambako jua la mchana hupasha bati na vigae. Hapo hukaa miaka, yakipata joto kiangazi na kupoa kipupwe. Njia hii huitwa "canteiro". Katika baadhi ya maghala pipa huanzia ghorofa ya juu yenye joto kali, na kadiri mvinyo unavyozeeka hushushwa kwenye ghorofa zenye ubaridi. Mvinyo adimu wote, ule unaowafanya watu wafunge safari, hutoka katika njia hii ya pili.

Jinsi unavyoonjwa

Mgeni anayefika Funchal hahitaji kuwa bingwa. Maghala kadhaa katikati ya mji hupokea wageni, huwatembeza kati ya mapipa na kuwapa glasi za kuonja. Mvinyo mchanga huonjwa kwa bei ndogo. Ule mkongwe hulipiwa glasi kwa glasi, na ni busara kuuliza bei kabla mhudumu hajafungua chupa.

Utaratibu ni kuanza na mkavu kumalizia na mtamu, na kuanza na mchanga kumalizia na mzee. Majina manne ya zabibu yanatosha kumwongoza mtu. Sercial ni mkavu kuliko yote. Verdelho una utamu kidogo. Boal umekolea zaidi. Malvasia ndio mtamu kabisa. Zipo pia Terrantez na Bastardo, zabibu zilizobaki chache sana, na chupa zake za zamani hutafutwa kama lulu. Sehemu kubwa ya mavuno ya kisiwa, hata hivyo, ni zabibu nyekundu iitwayo Tinta Negra.

Glasi huwekwa chini ya pua kwanza. Mvinyo wa miaka 30 au 50 hunukia sukari iliyoungua, korosho za kukaanga, tende, zabibu kavu na ganda la chungwa. Rangi yake ni ya kahawia kama chai ya rangi, na pembeni mwa glasi huonekana mstari wa dhahabu unaoelekea kijani. Mdomoni utamu hutangulia, kisha hufuata ukali kama wa ndimu, ambao hukata utamu wote na kuacha mdomo safi. Ukali huo hutokana na udongo wa volkano na hali ya hewa ya kisiwa, na ndio mhimili wa mvinyo. Bila huo, mvinyo wa miaka 50 ungekuwa sharubati nzito isiyonyweka.

Ladha hukaa mdomoni dakika kadhaa baada ya kumeza. Kwa hiyo wenye uzoefu hunywa kidogo kidogo. Nguvu yake pia ni kubwa, asilimia 17 hadi 22 ya pombe, wakati mvinyo wa kawaida wa mezani huwa na asilimia 12 hadi 14 hivi.

Jambo moja huwafurahisha wenye baa na hoteli ndogo: chupa ya Madeira ikifunguliwa haiharibiki kesho yake. Mvinyo huo umekwisha kupigwa na joto na hewa kwa miaka, hakuna jipya la kuutisha. Chupa iliyofunguliwa hukaa miezi mingi ikiwa bado nzuri. Huwekwa wima badala ya kulazwa, ili kizibo kisiliwe na mvinyo wenye asidi na pombe nyingi.

Hesabu ya kungoja

Wengi wakisikia bei ya mvinyo wa zamani hudhani ni utapeli wa majina. Kalamu na karatasi zinaonyesha vinginevyo.

Mbao ina vinyweleo. Kila mwaka sehemu ya mvinyo hupotea hewani, na watengenezaji huiita sehemu ya malaika. Tuchukue mfano wa pipa la lita 100 linalopoteza lita 3 katika kila 100 kwa mwaka. Baada ya miaka 20 zitakuwa zimebaki lita 54 tu. Baada ya miaka 50 zitabaki lita 22.

Sasa tuongeze gharama ya fedha. Tuseme kila lita ya mvinyo mpya ilimgharimu mwenye ghala shilingi 5,000, yaani shilingi 500,000 kwa pipa zima. Kama fedha hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba inazaa riba, baada ya miaka 20 deni litakuwa limefika kama shilingi 3,364,000. Zigawe kwa lita 54 zilizobaki. Kila lita itakuwa imesimama kwa kama shilingi 62,000, zaidi ya mara 12 ya gharama ya kwanza. Na hapo hajalipa mshahara wa mlinzi, fundi wa mapipa, kodi ya jengo, chupa wala lebo. Wala hajapata hata senti moja ya faida.

Kwa hiyo bei kubwa ya glasi ile ndogo si miujiza. Ni riba, uvukizi na hatari ya miaka mingi vilivyokusanywa mahali pamoja. Pipa laweza kuvuja, soko laweza kubadilika, mwenye ghala aweza kufa kabla ya kuuza. Ndiyo maana katika biashara hii zimedumu zaidi familia na kampuni zenye biashara nyingine za kulipia chakula cha leo, huku mapipa yakisubiri wajukuu.

Mkulima wa Câmara de Lobos aliyeuza zabibu zake Septemba alipata fedha zake kwa bei ya Septemba. Ada za shule na mbolea havingoji miaka 20. Hakudhulumiwa kwa mujibu wa mkataba, lakini thamani yote iliyoongezwa na muda imebaki kwa mwenye dari na mapipa.

Magonjwa yaliyofanya chupa ziwe adimu

Uadimu wa mvinyo huu una historia ya machozi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 ugonjwa wa ukungu wa unga uliingia kisiwani na kukausha mavuno. Kabla wakulima hawajasimama sawasawa, mwaka 1872 ukafuata mdudu aitwaye filoksera, anayeshambulia mizizi ya mzabibu. Wakulima wengi waling'oa mizabibu na kupanda miwa, na baadaye migomba. Baadhi ya wafanyabiashara walifunga maghala na kuondoka.

Wengine walipanda mizabibu chotara ya Marekani iliyostahimili mdudu. Ilizaa vizuri, lakini mvinyo wake ulikuwa duni, na baadaye sheria zilizuia zabibu zake kutumika katika mvinyo unaobeba jina la Madeira. Suluhisho la kudumu likawa kupandikiza mizabibu ya asili juu ya mashina yanayovumilia filoksera.

Waliokuwa na mapipa ya miaka ya nyuma ndani ya ghala walijikuta wameshika mali isiyoweza kutengenezwa tena. Ndiyo sababu hadi leo chupa za karne ya 19 bado hupatikana Funchal, na bado hunyweka.

Zipo simulizi zinazoongeza bei. Mwaka 1815 meli ya Waingereza iliyokuwa ikimpeleka Napoleon uhamishoni Saint Helena ilisimama Funchal, na husimuliwa kwamba alipewa pipa la mvinyo wa mwaka 1792 ambalo hakulinywa. Baada ya kifo chake pipa likarudishwa Madeira, likatiwa kwenye chupa. Mwaka 1950 Winston Churchill alizuru kisiwa hicho, na inaelezwa kwamba alifunguliwa chupa moja ya mvinyo huo. Mwaka 2018 kampuni ya mnada ya Christie's iliuza chupa za Madeira za mwaka 1796, zilizokuwa zimegunduliwa wakati wa ukarabati katika jumba la makumbusho la Liberty Hall, New Jersey, Marekani.

Muhuri unaolinda jina

Ukongwe unaolipa hivyo huwavuta matapeli. Mtu aweza kuungua sukari, akaitia kwenye mvinyo wa juzi na kuandika mwaka autakao. Hapa ndipo serikali ya kisiwa imeingia kati. Taasisi iitwayo IVBAM husimamia zao hili kuanzia shambani hadi kwenye chupa, na kabla mvinyo haujauzwa kwa jina la umri fulani, sampuli hupelekwa kwa jopo la waonjaji ili kuthibitisha kwamba unastahili. Chupa huvalishwa muhuri wa taasisi hiyo.

Mnunuzi anapaswa kuyajua maneno machache ya lebo. Namba kama 5, 10, 15, 20 au 30 huonyesha umri wa mchanganyiko. "Colheita" ni mvinyo wa mavuno ya mwaka mmoja uliokaa kwenye pipa angalau miaka 5. "Frasqueira" ndio wa juu kabisa: mavuno ya mwaka mmoja, zabibu za aina moja iliyotajwa, na miaka isiyopungua 20 ndani ya pipa. Ni vyema pia kutazama mwaka ulipotiwa kwenye chupa. Mvinyo hukomaa ndani ya mbao. Ukishaingia kwenye kioo haubadiliki sana.

Kwa miaka mingi jina la Tinta Negra, zabibu inayolimwa na wengi, halikuonekana kwenye lebo. Kuanzia mwaka 2015 limeruhusiwa. Kwa mkulima mdogo hilo si jambo dogo, kwa sababu jina la zao lake likijulikana kwa mlaji, naye hupata sauti anapozungumza bei.

Somo kwa mkulima na mfanyabiashara

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Madeira inaonyesha kwamba uvumilivu peke yake hautoshi: lazima uwe na ghala, chombo, na mtu wa kukulisha wakati unangoja. Kumwambia mkulima avumilie bila vitu hivyo ni kumkejeli.

Wakulima wa zabibu wa Dodoma wanalifahamu hilo. Mizabibu yao huzaa mara mbili kwa mwaka, na zabibu mbichi ikikosa mnunuzi kwa siku chache huoza shambani. Hakuna anayewashauri waanze kutunza mvinyo wa miaka 20. Lakini kila hatua inayorefusha maisha ya zao humpa mkulima nafasi ya kukataa bei ya kutupa. Kukamua na kupata mchuzi wa zabibu unaohifadhiwa kwenye matangi hugeuza siku kuwa miezi. Kukausha zabibu hufanya vivyo hivyo.

Kanuni hiyo haiishii kwenye zabibu. Mkulima wa mahindi anayeuza debe wakati wa mavuno na kulinunua tena kwa bei kubwa njaa inapoingia, amemlipa mwenye ghala kwa kazi ya kungoja. Ndiyo mantiki ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake nchini Tanzania ilipitishwa mwaka 2005. Mazao huwekwa mahali salama, mkulima hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo wakati soko linasubiriwa. Ghala likiwa la chama cha ushirika kinachoendeshwa kwa uaminifu, thamani ya muda hurudi kwa mwanachama.

Hata hivyo hesabu ya pipa iwe onyo pia. Kungoja kunagharimu. Kabla ya kuweka mazao, mkulima au mfanyabiashara ajiulize mambo matatu: kiasi gani kitapotea kwa wadudu, panya au unyevu, fedha iliyolala humo ingezaa nini kwingine, na bei inatarajiwa kupanda kiasi gani. Kama kupanda kwa bei hakuzidi hasara na riba kwa pamoja, ni heri kuuza mapema.

Wenye maghala ya Funchal hupiga hesabu hiyo kila mwaka, pipa kwa pipa. Mengine huyauza yakiwa na miaka 5, mengine 10, na machache tu huyaacha yazeeke. Mkulima anayeijua hesabu hiyo, na mwenye sehemu yake katika ghala, ataweza naye kuchagua siku ya kuuza.